Polisi, hospitali, ustawi au msaidizi wa kisheria: ukifanyiwa uhalifu (au ukiushuhudia) uanzie mlango upi

Mtu akifanyiwa uhalifu swali la kwanza huwa ni moja tu, naenda wapi, na hapo ndo tunapopotezana maana kila mtu anashauri kwa alichosikia, shangazi anasema nenda kwa mjumbe wa nyumba kumi, jirani anasema polisi hawagusi kitu bila hela, mwingine anakwambia kuna akina mama wanasheria mjini wao ndo wanajua, na mkiwa mnajadiliana hivo masaa yanakwenda. Mimi ni msaidizi wa kisheria ngazi ya kata huku Tanzania bara kwaiyo nitaongea zaidi ya huku, Zanzibar nitaigusa kidogo kwa sababu wenzetu wana mahakama zao na mwendesha mashtaka wao. Nataka nilinganishe hii milango, upi unakupa nini, upi hauwezi kukupa hata ukibembeleza, na uende upi kwanza kutokana na kilichokupata.

Msimamo wangu nauweka mapema ili usome ukijua naelekea wapi. Chagua kwa kuangalia kitu gani kinaisha muda kwanza. Mwili na ushahidi ulioko mwilini unaisha muda kwa masaa, usalama wako unaweza ukaisha usiku huohuo, kesi yenyewe inaweza kusubiri wiki, na wakili anaweza kusubiri hata mwezi na hakuna kitakachoharibika. Watu wengi wanaenda kinyume kabisa, wanaanza kutafuta wakili au wanaanza na kikao cha ukoo, wakifika hospitali siku ya 6 daktari anawaambia dawa haiwezi kusaidia tena, na hapo hakuna hakimu wala wakili anayeweza kurudisha hizo siku.

Kaunta ya polisi na Dawati la Jinsia

Kituo cha polisi kina kaunta, ile unayoikuta ukiingia tu, na vituo vingi siku hizi vina Dawati la Jinsia na Watoto, yapo zaidi ya 400 nchi nzima. Ukiporwa simu, ukivunjiwa nyumba, ukipigwa na mtu baa, kaunta inakutosha, unaeleza, wanaandika kwenye kitabu, unapewa namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. RB ni bure, PF3 (fomu ya polisi unayopeleka hospitali daktari aijaze) pia ni bure, akikuambia mtu utoe hela ya karatasi muombe risiti alafu uliza ofisi ya mkuu wa kituo iko wapi, mara nyingi ile hela inasahaulika hapohapo.

Kitu kimoja nawaona watu wanakosea sana, mtu kaibiwa pochi yenye kitambulisho cha NIDA na kadi ya benki, anafika pale anasema "nimepoteza vitambulisho" kwa sababu kaambiwa hivo ndo rahisi, anapewa ripoti ya kupotelewa anaondoka. Ile ripoti inakusaidia kupata kitambulisho kingine na basi, haifungui jalada, hakuna mpelelezi atakayepangiwa, na siku mwizi akikamatwa na vitu vya watu 10 chako hakimo kwenye orodha. Umeibiwa sema nimeibiwa, na useme kama walikutishia na kisu au panga maana hapo kosa linabadilika kabisa kutoka wizi wa kawaida kwenda unyang'anyi wa kutumia silaha.

Dawati ni kitu kingine. Pale ni kwa ajili ya ukatili wa kijinsia, vipigo vya ndani ya nyumba, ubakaji, ulawiti, ukeketaji, mtoto aliyeteswa au kutelekezwa. Faida yake kubwa ni faragha, unaongea ndani ya chumba na askari aliyepewa mafunzo, mara nyingi wa kike, husimami kaunta unasimulia ulichofanyiwa huku mtu aliyekuja kumtolea dhamana ndugu yake anasikiliza. Na hii ni ya wanaume na wavulana pia, mzazi wa mtoto wa kiume aliyelawitiwa asijisikie kwamba dawati ni la wanawake, pale ndo mahali pake. Ubaya wa dawati ni kwamba linategemea sana nani yupo zamu, kwenye vituo vingine ni meza tu kwenye chumba cha pamoja, na askari mzoefu akihamishwa inabidi muanze kujengeana imani upya. Usiku pia usitegemee utamkuta mtu wa dawati, utaanzia kaunta tu, kwa hiyo useme wazi "nahitaji kuongea na mtu wa dawati" kabla hujaanza kusimulia, una haki ya kusema hivo.

Kwaiyo kati ya hivi viwili kwa mali na ugomvi wa kawaida nenda kaunta, kwa chochote kinachohusu mwili wako kwa njia ya kingono, mwenza wako au mtoto, dai dawati.

Dawati na Mkono kwa Mkono

Hapa ndo nataka nikae kwa muda maana ndo penye uamuzi mzito. Vituo vya Mkono kwa Mkono viko ndani ya hospitali, mule unakuta daktari au nesi, polisi, ustawi wa jamii na mshauri wa kisaikolojia, wote sehemu moja. Dar kuna pale Amana, Unguja kipo Mnazi Mmoja, na mikoa mingine vimeendelea kufunguliwa ila havijafika kila wilaya na hilo ndo tatizo lake kubwa. Ukiwa nacho karibu na umebakwa au mtoto wako kabakwa sioni sababu ya kuanzia kituo cha polisi, nenda moja kwa moja hospitali, PF3 itajazwa palepale, maelezo yataandikwa palepale, na hutosimulia mara 5 kwa watu 5 kwenye majengo 5. Nimesindikiza watu kwa njia zote mbili na ninaweza kusema mtu aliyesimulia mara moja kwenye chumba kimoja anarudi nyumbani akiwa bado na nguvu ya kuendelea na kesi, aliyezungushwa siku nzima mara nyingi harudi tena.

Sababu nyingine ni masaa 72. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya masaa 72 tangu tukio, na kila saa unayowahi ni bora zaidi, alafu unazimeza siku 28 bila kuruka. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vinafanya kazi vizuri ukiwahi na mwisho wake ni kama siku 5. Kuna tiba ya magonjwa ya zinaa, kuna chanjo ya homa ya ini, kuna sindano ya pepopunda kama kuna majeraha. Hivi vyote polisi hana. Polisi ana karatasi ya kukupeleka.

Sasa kama huna hiki kituo karibu inabaki njia ya zamani, polisi kuchukua PF3 alafu hospitali. Hapo watu wanakwama kwenye hii, kituo cha polisi kiko mbali, ni usiku, mtu anatoka damu, na zahanati wanasema hatukugusi bila PF3. Serikali imetoa maelekezo zaidi ya mara moja kwamba mgonjwa wa dharura atibiwe kwanza PF3 ifuate, kwaiyo usikubali kurudishwa, muulize mganga mfawidhi, mpigie simu mtendaji wa kijiji au mtaa, mtu aende polisi kuchukua fomu wakati mgonjwa anahudumiwa. Ila na wewe usiiache PF3 ikapotea kwa sababu umeshatibiwa, ile ndo inayobeba ushahidi wa daktari mpaka mahakamani.

Na kabla ya kwenda popote, najua mtu akifanyiwa hivi kitu cha kwanza anachotaka ni kuoga, mwili wote unamkataa, namwelewa, lakini kama anaweza kuvumilia asioge, asifue, nguo alizokuwa nazo azifunge kwenye karatasi au kanga safi asiweke kwenye nailoni maana zinatoa jasho na kuharibika. Kama ameshaoga aende vilevile. Kuoga hakufuti kesi, na dawa bado anazihitaji.

Kuhusu gharama, wakikuandikia malipo hospitali na huna kitu omba kuonana na afisa ustawi wa jamii wa hospitali, yeye ndo mwenye utaratibu wa msamaha. Wengi hawajui kama yupo na ana ofisi.

Kwa mjumbe, baraza la kata na kikao cha ukoo

Hii milango watu wanaipenda kwa sababu iko karibu, haina nauli, inaongea lugha ya nyumbani na inaisha siku moja. Na siidharau. Mmegombana na jirani akakusukuma, watoto wa watu wawili wamepigana, mjomba kakutukana kwenye msiba, hayo mnaweza kuyamaliza kwa mtendaji na mtaishi vizuri zaidi kuliko kupelekana mahakamani, hata sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inaruhusu mahakama kuhimiza suluhu kwenye makosa madogo ya kibinafsi kama shambulio la kawaida.

Lakini ubakaji, ulawiti, ukeketaji, kumpa mwanafunzi mimba, kumchoma mtoto moto, hayo hayana kikao. Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu kwenye kata nimeona baba wa mtoto akipewa ng'ombe wawili na kuahidiwa mengine baadae, mtoto akabaki anapishana na aliyemfanyia njiani kuelekea shule. Adhabu ya ubakaji kwa sheria yetu haipungui miaka 30, na aliyebakwa akiwa ni mtoto chini ya miaka 10 ni kifungo cha maisha, sasa kosa la uzito huo mjumbe analipatia wapi mamlaka ya kulisuluhisha kwa ng'ombe?

Na kuna jambo familia nyingi hazilijui. Kesi ya jinai ni ya Jamhuri, wewe uliyefanyiwa unakuwa shahidi, tena shahidi muhimu kuliko wote, lakini mwenye kesi ni Mkurugenzi wa Mashtaka. Kwaiyo familia zikishapatana nyumbani alafu mama anaenda polisi kusema "nimefuta kesi", hana kesi ya kufuta. Kinachotokea ni kwamba shahidi anaacha kwenda mahakamani, hakimu anaahirisha, anaahirisha tena, mwisho mtuhumiwa anaachiwa kwa kukosa ushahidi na anarudi mtaani akitamba. Mlichokifanya pale nyumbani hamkumaliza kesi, mmemvua mtoto nguo ya kinga aliyokuwa nayo.

Ila kuna kazi moja mjumbe anaweza kuifanya vizuri sana na naomba muitumie. Mwambie mapema, na umtaje mtu kwa jina. Mahakama zetu zinatoa uzito mkubwa kwa shahidi aliyemtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo, na zinatilia shaka mtu aliyemjua mbakaji wake lakini akamtaja baada ya wiki 3. Yule wa kwanza uliyemwambia, awe mjumbe, nesi, mwalimu au mama mdogo, anaweza kuja kuwa shahidi wako. Kwaiyo mjumbe apokee taarifa, aandike tarehe na saa, akusindikize polisi. Asikae kiti cha hakimu.

Kwa Zanzibar anayekaa nafasi hiyo ni sheha, na wao kesi za udhalilishaji waliziundia mahakama maalumu mwaka 2021, kwaiyo huko hoja ya kumaliza nyumbani inazidi kukosa msingi.

Msaidizi wa kisheria na wakili wa shirika

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ndo ilitutambua rasmi sisi wasaidizi wa kisheria, kabla ya hapo tulikuwa tunafanya kazi kama watu wa kujitolea tu. Huduma ni bure, na ukikuta msaidizi anakudai hela huyo anavunja sheria. Tunachofanya ni kukuelekeza mlango sahihi, kukusaidia kupata nyaraka, kukufuatilia jalada liko wapi, kukuelezea maneno ya mahakamani yanamaanisha nini, kukusindikiza. Tusichoweza ni kusimama mahakamani kukutetea, hilo haliruhusiwi, na usimwamini anayekuambia ataongea kwa niaba yako mbele ya hakimu wakati sio wakili.

Wakili unampata kwenye mashirika kama TAWLA (chama cha wanasheria wanawake), WLAC (kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake), LHRC (kituo cha sheria na haki za binadamu) ambayo ipo tangu 1995, au TAMWA (chama cha wanahabari wanawake) ambao ni wa tangu 1987 na wana kituo cha usuluhishi kinachopokea wanawake na watoto waliofanyiwa ukatili. Zanzibar kuna Kituo cha Huduma za Sheria na kuna ZAFELA, chama cha wanasheria wanawake wa huko. Hawa wana ujuzi kuliko sisi, wanaandika nyaraka nzito, wanafungua madai, lakini wengi wako mijini na wana foleni. Alafu kuna kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia iliyoanza 2023, ile inakuja mkoani kwenu na mawakili wengi kwa siku chache, ni nzuri sana kwa mtu mwenye kesi iliyokwama muda mrefu au swali gumu, haikufai kwa kilichokupata jana usiku.

Sasa uchague yupi? Kwenye kesi ya jinai anayeendesha mashtaka ni wakili wa serikali, na huyo humlipi. Wakili wako binafsi au wa shirika anaweza kukaa mahakamani akafuatilia kwa maslahi yako lakini haendeshi yeye ile kesi. Ndo maana huwa nawaambia watu wasiuze mbuzi kutafuta wakili wa kesi ya ubakaji, hela hiyo itunze kwa nauli za kwenda mahakamani maana zitakuwa nyingi. Wakili wa shirika unamhitaji hasa kwenye yale yanayozunguka kesi, talaka, matunzo ya watoto, mgawanyo wa mali, nani abaki na nyumba, madai ya fidia. Kwa ufuatiliaji wa kila siku msaidizi wa kisheria wa kata yako atakufaa zaidi kwa sababu anaweza kwenda polisi leo, kesho na keshokutwa.

Na jalada likilala polisi usiishie kulalamika nyumbani, panda ngazi, OC-CID (mkuu wa upelelezi wa wilaya), OCD (mkuu wa polisi wa wilaya), halafu RCO (mkuu wa upelelezi wa mkoa). Ikishindikana nenda ofisi ya mashtaka ya mkoa, au andika kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Andika barua, baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Barua yenye muhuri inaogopwa kuliko kelele.

Nyumba salama na kwa ndugu

Hili ni fupi ila ni la kuamua haraka. Kama aliyekufanyia anaishi humohumo ndani, au familia nzima iko upande wake, usirudi kulala pale. Kwa ndugu ni karibu, watoto wanaendelea na shule, lakini ndugu hao hao wanaweza kukurudisha kwa mume kwa kuletewa soda na maneno matamu, na mtuhumiwa anajua kwa dada yako ni wapi. Nyumba salama inakuficha, inakupa chakula na ushauri, ila iko mbali, ni chache mno, na ina masharti ya kuishi. Zipo za Butiama na Mugumu kwa wasichana wanaokimbia ukeketaji na ndoa za utotoni, kuna Masanga kule Tarime ambako wasichana wanakimbilia hasa msimu wa Desemba, Moshi kuna KWIECO, Mwanza WoteSawa wanapokea watoto wafanyakazi wa ndani. Huwezi kwenda kugonga tu mara nyingi, unapitishwa na dawati au afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, kwaiyo ustawi ndo ufunguo wa hapa.

Kwa mtoto ustawi anaweza pia kumuweka kwa familia ya kuaminika wakati kesi inaendelea, na atamsindikiza mahakamani. Na kama ni mtoto na hujui pa kuanzia kabisa piga 116, ni bure, ni namba ya simu ya mtoto kwa bara na visiwani, hata mtoto mwenyewe anaweza kupiga, hata jirani anayesikia kilio kila usiku. Ukilinganisha na 112 ya polisi, 112 ni ya tukio linaloendelea sasa hivi, mtu ana panga mlangoni, 116 ni ya mtoto anayehitaji mtu wa kumfuatilia mpaka apate msaada.

Fidia, ndani ya kesi au nje

Watu huwa wananiuliza na mimi napata nini. Kwenye kesi ya ubakaji mtu akitiwa hatiani mahakama inatakiwa iamuru pia alipe fidia kwa mwathirika, na kwenye makosa mengine hakimu ana uwezo wa kuamuru fidia, ikiwemo mali yako iliyopatikana kurudishwa. Hii njia haina gharama kwako, tatizo ni kwamba ukikaa kimya inaweza kusahaulika au ikatajwa kiasi kidogo, kwaiyo mwambie wakili wa serikali mapema, mpelekee risiti za matibabu, za nauli, barua ya mwajiri kama ulikosa kazi. Njia ya pili ni kufungua madai, unaweza kudai zaidi ila unaanza mwenyewe, unathibitisha mwenyewe, na unamkazia hukumu mwenyewe mtu ambaye labda yuko jela na hana hata baiskeli. Kwa mtu wa kawaida nashauri ya kwanza. Ya pili ni kwa pale mkosaji ana mali inayoonekana, na hapo nenda kwa wakili wa shirika.

Na shahidi je

Shahidi ndo aliyesahaulika kuliko wote na hapa sina habari nzuri nyingi. Majirani zetu Kenya wana sheria ya ulinzi wa mashahidi ya 2006 na marekebisho ya 2010 yaliwapa wakala kabisa unaoshughulika na hilo tu, unaweza kumhamisha shahidi au kumbadilishia utambulisho, na wana sheria yao ya kulinda waathirika ya 2014. Sisi tuna Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015, sheria ipo na inakataza utambulisho wako kuanikwa na kulipiziwa kisasi, ila kwa mtu wa kijijini hakuna ofisi ya karibu yenye kibao kinachosema ulinzi wa mashahidi. Njia yako inapita kwa mpelelezi au wakili wa serikali, na lazima wewe useme "natishiwa", wasipojua hawataomba chochote.

Ulinzi wa mahakamani kwa kweli ndo unaofanya kazi zaidi. Kesi za makosa ya kujamiiana ushahidi unapokelewa faragha, watu wa mtaani wanatolewa nje, kwaiyo hofu ya kusimulia mbele ya kijiji kizima iondoeni. Mtoto mdogo anaweza kutoa ushahidi bila kiapo akiahidi kusema ukweli na sio uongo. Na ushahidi wa mwathirika peke yake unaweza kutosha kumtia mtu hatiani mahakama ikiridhika kwamba anasema kweli, Mahakama ya Rufani imeshasema mara nyingi kwamba ushahidi bora wa ubakaji unatoka kwa aliyebakwa mwenyewe. Huwa nawasomea hili akina mama waliokata tamaa kwa kuambiwa "hakukuwa na aliyeona".

Mtuhumiwa akiwa nje kwa dhamana na anakutumia meseji za vitisho au anatuma watu, usimjibu na usifute. Piga picha ya skrini, mpelekee mpelelezi, fungua RB nyingine maana kuingilia shahidi ni kosa linalojitegemea, na mwambie wakili wa serikali aombe mahakama iifute dhamana. Kati ya kuhama mji na kuomba dhamana ifutwe, jaribu hili la pili kwanza, limewasaidia watu ninaowafahamu na hawakuacha mashamba yao.

Samansi, yaani wito wa mahakama, ikikufikia nenda, ukiikacha hakimu anaweza kutoa amri ukamatwe, na shahidi kukamatwa ni aibu asiyostahili. Ana haki ya posho ya nauli, ila pesa huwa zinachelewa, kwaiyo uliza karani wa mahakama au ofisi ya mashtaka siku hiyohiyo kabla hujaondoka. Mzazi wa mtoto aende na cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki, umri wa mtoto lazima uthibitishwe na nimeona kesi nzuri zikiyumba hapo tu.

Na ukiandikisha maelezo polisi usisaini kabla hujasomewa. Kama saa sio ile, kama jina limekosewa, kama ameandika ulimwona kwa tochi wakati ulimwona kwa taa ya umeme, mwambie arekebishe palepale, maana miezi ikipita wakili wa mshtakiwa atayachukua maelezo hayohayo na kukuuliza mbele ya hakimu ni lipi la kweli kati ya yaliyoandikwa na unayoyasema sasa.